Chupa Mbili Zenye Namba Tatu

Ndugu wa familia, majirani wa kambi, Wakristo wa jumuiya yetu, na ninyi vijana mliosimama pale mlangoni na matawi ya msiba mikononi, poleni kwa kilio na poleni kwa mvua. Karatasi hii ilipaswa kusomwa na Hervé, mtoto wa kwanza wa marehemu, kama desturi inavyotaka, lakini jana aliisoma peke yake hadi mwisho, akanirudishia, akaniambia, "Tantine, minye siwezi, batatupiga mawe," na ninyi mnamjua Hervé, si mtu wa kuogopa ovyo. Basi nimesimama mimi Adrienne, mdogo wake marehemu, mwalimu wa darasa la tano, niliyewafundisha nusu yenu mliopo hapa kuandika majina yenu, na siwafichi, naogopa tangu Jumamosi na bado naogopa.

Marehemu Casimir Banza Kalenga alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika kambi ya Panda, ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba, hapa Likasi, mji ambao wakati ule uliitwa Jadotville, akiwa mtoto wa pili wa baba yetu Banza Ngoie, mwashi wa matanuru ya kampuni, na mama yetu Suzanne Mujinga, ambao wote wawili wametutangulia. Kazi ya baba ilikuwa kuingia ndani ya tanuru likishapoa, kuvunja matofali yaliyoliwa na moto, kisha kujenga mapya mahali pale pale, na Casimir aliipenda habari hiyo kuliko hadithi yoyote ya utotoni, alitaka kujua ni nani anayeamua tofali lipi limechoka na lipi bado lina nguvu, akauliza, akauliza tena, mpaka baba akamjibu mbele ya wageni, "Weye, maulizo yako hayaishe, iko mujinga ya namna gani?" Wageni wakacheka. Mimi nilikuwa bado sijazaliwa, lakini mama alinisimulia, na alisema tangu siku ile Casimir hakumuuliza mtu jambo moja mara mbili.

Alianza shule ya msingi kwa mapadre mwezi Septemba 1950, akaimaliza Julai 1956, akaendelea na sekondari hapa hapa mjini, na mwaka 1962, katika siku zile za vita ambazo wazee wanazikumbuka, alipelekwa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwenye shule ya wasaidizi wa tiba, akatoka Julai 1965 na diploma ya fundi wa maabara, akiwa wa pili kati ya wanafunzi kumi na tisa. Walimu walimsifu kwa mwandiko wake na kwa utulivu wa mikono yake. Sisi wa nyumbani tuliijua kasoro yake, kwamba ukimwambia jambo asilisikie vizuri, atatikisa kichwa kama mtu aliyesikia, kisha ataenda kukisia.

Tarehe 1 Februari 1966 aliajiriwa katika maabara ya hospitali ya kambi, akapima damu, makohozi na choo cha watu wa mji huu kwa miaka kumi na sita, na ninyi mliopita mikononi mwake mnajua kwamba hakuwahi kumcheka mtu kwa alichokikuta. Mwaka 1982 alifika Docteur Nicolas, Mbelgiji mrefu mwenye kikohozi, ambaye shughuli yake ilikuwa kuchunguza magonjwa ya mifupa ya watoto na ya wafanyakazi, akamchagua Casimir awe msaidizi wake kwa ajili ya ile mikono tulivu, na tangu hapo kaka yangu akawa mtu wa mifupa. Daktari alitoa kwa mgonjwa kipande kidogo, wakati mwingine si zaidi ya punje ya hindi, Casimir akakitia kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuoza, kisha kwenye asidi kwa siku kumi au zaidi hadi mfupa ulainike, akauzamisha katika nta, akaukata kwa mashine vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, akavilaza juu ya kioo, akavipaka rangi ya waridi na ya zambarau, na pembeni ya kioo akachora namba kwa kalamu ya almasi. Kisha daktari alikiweka kioo chini ya darubini na kusema huu ni ugonjwa gani.

Siku moja mwaka 1985 aliniita nichungulie. Aliniambia mfupa si jiwe, Adrienne, ni kiwanda, ndani yake kuna seli zinazokula mfupa na seli zinazoujenga, hazilali, na kuna za tatu zilizofungiwa ndani ya ukuta wenyewe, zinazosikiliza uzito tunaobeba na kuwaita wenzao, hapa bomoeni, hapa ongezeni, sawasawa na waashi wa baba kwenye tanuru, na mtu mzima hujengwa upya hivyo huku anatembea, bila mwenyewe kujua. Akanionyesha mfupa ulioingia usaha, ukuta umekufa, vyumba vyake vitupu. Akanionyesha na mwingine, akaniambia huu ni ule ugonjwa ambao waashi wenyewe wamepata wazimu, wanajenga bila kuitwa, ovyo ovyo, mpaka wanatoka nje ya mfupa wanakwenda kujenga kwenye mapafu, na mwenye ugonjwa huu tusipomkata mguu mapema atakufa. Niliona rangi nzuri tu. Nilipojua ninachokiangalia ni mguu wa mtoto wa mtu, nilimrudishia kiti chake nikaenda zangu.

Tarehe 22 Agosti 1970 marehemu alifunga ndoa takatifu na Albertine, huyu mjane wetu aliyeketi chini pale, binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kasai, na Mungu aliwajalia watoto watano, wa kwanza Hervé, wa mwisho Tina, wanne wako hai. Alikuwa baba wa kucheka kidogo na kunong'ona sana, alipika bukari, ugali wetu, vizuri kuliko mke wake, usinikatalie Albertine, na Jumapili alikuwa anawapima watoto urefu kwenye fremu ya mlango, kwa penseli, wakati mnaingia mmeona ile mistari.

Mwezi Septemba 1995 mgongo ulianza kumuuma. Alifikiri ni kule kuinama, kisha usingizi ukaisha, akapelekwa Lubumbashi tarehe 11 Desemba kwa taxi-bus, amelazwa juu ya magunia, na huko walikuta ugonjwa ulioanza mahali pengine na kuhamia kwenye uti wa mgongo. Najua yaliyosemwa kambini, kwamba mifupa ya watu imemrudia, nimeyasikia kwenye foleni ya maji na wasemaji walijua ninasikia. Yeye mwenyewe alisema ni seli tu, na zile seli hazijui nani ni nani. Alirudishwa nyumbani Januari, akalala miezi miwili, na tarehe 6 Machi 1996, Jumatano, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha kama leo, akakata roho mbele ya mke wake na mbele yangu, akiwa na miaka hamsini na moja.

Sasa natoa shukrani. Mnashangaa, mtu hushukuru mwishoni, lakini mimi nashukuru sasa kwa sababu nikimaliza kusoma huenda hamtanipa nafasi. Tunawashukuru wauguzi waliokuja kumchoma sindano hapa nyumbani huku wao wenyewe watoto wao hawajala, tunawashukuru wenzake wa maabara waliobaki wachache, jumuiya yetu kwa sala, majirani kwa kuni na maji, na tunamshukuru kwa namna ya pekee Mama Fidélie, ambaye tangu Jumatano ndiye anayekoroga sufuria kubwa kule nyuma, aliyeleta unga wake mwenyewe, akaniambia, "Huyu mwanaume alibeba sanduku ya mutoto wangu juu ya bega yake, minye nitamupikia watu wake." Mama Fidélie, tafadhali, acha mwiko, njoo mbele. Na wewe Clotilde, kaa karibu na mama yako. Na Baba Godefroid, usisimame kule ukutani, njoo kwa mke wako. Tina, wape viti.

Mmesikia nilivyoruka. Nimewatoa ndoa nikawapeleka kwenye maumivu ya mgongo, na katikati kuna miaka ambayo sisi sote tuliishi, uporaji ule tulioita pillage, posho iliyokatika, treni, njaa. Sikuisahau. Desturi yetu inasema kabla sanduku halijafungwa familia iulize kama kuna mtu mwenye neno na marehemu, aliseme, ili marehemu asiondoke nalo. Leo mwenye neno ni marehemu mwenyewe. Jumamosi tarehe 2 Machi alinipa daftari la shule alilolificha chini ya godoro, akaniambia nilisome mbele ya watu wote, naye akiwa amelala hapa, nikamwambia, yaya, kaka yangu, mimi nitakwenda kuwaambia wenyewe pembeni, taratibu, akakataa, akasema pembeni maneno yanageuka, kesho yake watu watasema Adrienne ametunga. Mimi ni mkaidi, nilijaribu pembeni. Siku mbili nimeingia kule kwenye sufuria mara sita, nikamkuta Mama Fidélie ana moshi machoni, nikamuuliza chumvi iko wapi, nikatoka.

Ninyi watu wa kambi mnajua, mbele ya kampuni mtu hana jina, ana namba ya baba yake, na mtoto ni namba ya baba ikifuatwa na namba ya kuzaliwa, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baba Godefroid na Mama Fidélie walijaliwa watoto wanne. Wa pili alikufa kwa surua mwaka 1984, na watu wa posho, ambao hawampi maiti unga, walimfuta kwenye kadi yao na kuwasogeza wadogo zake, hivyo Clotilde aliyekuwa wa tatu akawa wa pili, na Steve aliyekuwa wa nne akawa wa tatu. Hospitali haikumsogeza mtu. Kwenye kadi ya hospitali Clotilde alibaki wa tatu na Steve alibaki wa nne. Kila nyumba iliyozika mtoto katika kambi hii ina kadi mbili zisizopatana, na hakuna aliyewahi kujali, kwa sababu ilikuwa habari ya unga tu.

Mwezi Agosti 1991 watoto hao wawili waliumwa mguu wakati mmoja, Clotilde akiwa na miaka kumi na mitatu, Steve kumi na mmoja, wote chini ya goti, wote na uvimbe na homa, na picha zao za mifupa zilifanana hata Docteur Nicolas akasema picha peke yake haitoshi, lazima mfupa wenyewe uonekane. Jumatatu tarehe 2 Septemba Mama Fidélie alimleta Clotilde akiwa na kadi ya hospitali, kipande kikatolewa, Casimir akaandika kwenye chupa namba ya baba na namba tatu. Kadi ile ikabaki wodini kwa muuguzi. Alhamisi tarehe 5 mama huyu huyu alimleta Steve akiwa na kadi ya posho, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mkononi mwake, kipande kikatolewa, Casimir akaandika kwenye chupa namba ya baba na namba tatu.

Ijumaa asubuhi alipokwenda kubadilisha dawa alikuta chupa mbili kwenye rafu, baba mmoja, namba moja, tatu na tatu. Tarehe hakuandika, daktari alikuwa anataka namba tu. Alichotakiwa kufanya ni kwenda mlango wa pili, hatua nane, kumwambia daktari nimekosea, tuanze upya. Nasoma sasa maneno yake mwenyewe kama alivyoyaandika: "Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya daktari, niliogopa kuwaumiza watoto mara ya pili, nikasimama pale kama nusu saa. Chupa moja ilikuwa na kipande kikubwa, nikasema mtoto mkubwa ndiye mwenye mfupa mkubwa. Chupa ile nikaiachia namba tatu, ya Clotilde. Ile ya kipande kidogo nikafuta tatu nikaandika nne, ya Steve. Nilikisia."

Kimya. Nimesema kimya, wacheni nimalize. Hervé, simama karibu na mama yako.

Alikisia vibaya. Kipande kikubwa kilikuwa cha Steve, kwa kuwa uvimbe wake ulikuwa mkubwa. Jumatatu tarehe 23 Septemba daktari aliangalia vioo, akaona kimoja kina usaha na kingine kina ule ugonjwa wa waashi wenye wazimu, na kwa namba alizopewa akamwandikia Steve vidonge na akamwandikia Clotilde kisu. Tarehe 10 Oktoba 1991 Clotilde alikatwa mguu wa kushoto juu ya goti. Daktari alisema ule mguu uchunguzwe tena, hiyo ndiyo sheria, lakini kabla ya siku ya kuuchunguza mji huu uliporwa, maabara ikabebwa hadi mabomba ya maji, Docteur Nicolas akaondoka na msafara wa wazungu kuelekea Zambia, na mguu ukazikwa. Casimir aliokoa darubini moja na masanduku manne ya vioo, akayaleta hapa kwa baiskeli, akayaweka chini ya kitanda. Ndiyo, yale masanduku. Ndiyo, kuna mifupa ya watu katika nyumba hii, hamkusema uongo, ila hakuna aliyeiuza na hakuna bulozi, hakuna uchawi, ndani yake, ni vipande ambavyo hata panya hashibi, na kila mwenye wake anaweza kuja kesho nimtafutie.

Steve hakupona kwa vidonge. Mguu wake ulivimba, kisha akaanza kukohoa damu, na tarehe 17 Mei 1992, Jumapili, alifariki, na kaka yangu akalibeba sanduku lake begani hadi makaburini, Mama Fidélie, kama ulivyosema. Alikuwa tayari anajua moyoni, ila hakuwa na ushahidi. Kulikuwa na chupa moja aliyoitunza, kipande alichokikata mwenyewe kwenye mguu wa Clotilde siku ile ya operesheni, na mwezi wa sita alikitengeneza hapa jikoni, mkasikia harufu ya asidi mkasema anapika maiti, umeme wa bwawa la Mwadingusha ulikuwa umekatika, akaigeuza darubini kwenye dirisha ipate jua. Akaangalia siku tatu. Ameandika, "Usaha. Mfupa uliokufa, na pembeni yake mfupa mpya ulioanza kujengwa vizuri, kwa utaratibu. Ugonjwa wa wazimu hakuna. Nimetafuta kioo chote, hakuna hata kidogo. Ule mguu ungepona."

Mtauliza kwa nini hakusema. Nami nilimuuliza, sikumuuliza kwa upole. Mwezi Septemba wa mwaka ule ule, watu wa asili ya Kasai waliozaliwa hapa waliambiwa si wa hapa, familia ya Albertine ililala kwenye stesheni wiki tano ikingoja treni, na Albertine mwenyewe tulimpeleka Mulungwishi kufichwa kwa watu wema, miezi saba, kwenye shamba la mihogo. Casimir alijiambia, wakijua leo kwamba mume wa mwanamke wa Kasai amebadilisha mifupa ya watoto wa kambi, hawatakuja na maswali, watakuja na petroli. Hilo lilikuwa kweli, mimi nilikuwepo, nilikuwa naogopa vile vile. Lakini Albertine alirudi Aprili 1993, joto la watu likapoa, na yeye bado hakusema, na hapo hakuna treni wala petroli ya kumtetea, ulikuwa woga wake tu. Alijifunza kutambua sauti ya magongo ya Clotilde kwenye saruji ya barabara, akiyasikia anatoka kwa mlango wa nyuma. Miaka mitatu. Kaka yangu nampenda na kwa jambo hili namkasirikia, nimemlilia na kumtukana katika machozi yale yale, na mwenye kunishangaa na anishangae.

Mngesema basi, amekufa, Steve amekufa, mguu umeoza, kwa nini kufukua. Kwa ajili ya huyu msichana. Mnajua wote anavyoishi. Aliacha shule akiwa wa kwanza darasani, aliniambia mimi mwalimu wake, "Maîtresse, kusoma kwa nini, ile bugonjwa itarudia mu kifua sawa ya Steve." Kila asubuhi anakohoa makusudi na kutema kwenye kitambaa cheupe aone kama kuna damu, mama yake anakifua, mimi nimekiona kwenye kamba. Mwaka jana, mwezi wa kumi, Clovis fundi wa baiskeli alikuja na wazee wake kumposa, kijana mzuri, alimtaka hivyo hivyo na magongo yake, na Baba Godefroid, kwa uchungu wa baba, aliwarudisha mlangoni akisema, "Hamuwezi kuoa kaburi, batu yangu, rudieni." Casimir aliisikia habari hiyo akiwa na maumivu ya mgongo, na Albertine anasema siku ile ndipo alipoomba anunuliwe daftari.

Karatasi imeisha. Yanayobaki ni yangu.

Mama Fidélie, naona umesimama. Hervé, toka mu njia, usimugushe, leka apite mpaka ku sanduku. Na ninyi vijana, atakayeokota jiwe aanze na minye, nilikufundisheni kusoma, nitawasoma majina moja moja. Mama, sikuombi umusamehe. Sina kinywa cha kuomba vile. Mtoto wako alikufa juu ya namba, kama mguu ungekatwa wake huenda leo angekuwa hapa, na sisi tulikula unga wako siku mbili tukijua. Daftari ni hili, chukua, ni lako, peleka popote unapotaka, hata kwa sheria. Ukitaka kupiga, piga minye, yeye haskii tena.

Clotilde. Clotilde, mutoto wangu, usiangalie chini, angalia minye. Kamata magongo usimame, batu bakuone. Ule bugonjwa haikukuwa yako. Haikukuwa siku ya kwanza, haiko leo, hakuna kitu ndani yako kinachokungoja. Kile kitambaa kitupe. Ukikohoa, umekohoa, mvua ni nyingi. Walikukata mguu wa bure, na hilo utatukasirikia maisha yako yote, na maisha yako yote ni marefu, unanisikia? Utazeeka, weye. Utakuwa mama mzee, mkali, mwenye kusumbua wakwe zake. Baba Godefroid, Clovis anakaa nyuma ya soko, kama hukujua.

Casimir Banza Kalenga, yaya wangu, neno lako limesemwa lote, sikubakisha. Amani si yangu kukupa. Ukipewa, pumzika.

Mafundi, msipigilie misumari bado. Ngojeni Mama Fidélie atoe mkono wake juu ya sanduku.